Kukaza bolti bila spana ya torki: mkono, mizani na digrii zikilinganishwa

Katika gereji nyingi za mitaani bolti hukazwa kwa mkono tu: fundi huvuta spana mpaka ahisi kwamba imeshika, huongeza kidogo, kisha huhamia bolti inayofuata. Njia hiyo imeyaweka magari barabarani kwa miaka mingi, na anayeibeza bila kueleza kasoro yake hamsaidii mtu. Hata hivyo, zipo bolti ambazo mkono unazifahamu vizuri, na zipo ambazo mkono, hata wa fundi mzoefu, hauna namna ya kuzifahamu. Tofauti hiyo ndiyo inayopaswa kumwongoza mtu anayejiuliza kama anunue spana ya torki (ile inayoonyesha nguvu ya kuzungusha bolti), atafute njia mbadala, au aendelee kama alivyozoea. Ninalinganisha hapa njia nne, yaani mkono mtupu, spana ya torki, mizani ya kuning'iniza na kukaza kwa digrii, yaani kwa kuhesabu kiasi ambacho bolti imezungushwa. Mifano mingi nimeichukua kwenye injini ya Toyota ya 1NZ-FE, iliyomo katika Probox, Vitz na IST zilizojaa Afrika Mashariki, na kwenye pikipiki ndogo za bodaboda.

Spana haipimi kile tunachokitaka

Bolti hubana kwa sababu imerefuka. Inapokazwa, chuma chake huvutwa kwa kiasi kidogo sana, nacho hung'ang'ania kurudi katika urefu wake wa awali, na nguvu hiyo ya kurudi ndiyo inayovishika vipande viwili pamoja. Tunachokihitaji, basi, ni mvutano ndani ya bolti, ilhali tunachokigusa kwa spana ni torki, yaani nguvu ya kuzungusha, na katikati ya viwili hivyo upo msuguano. Kwa bolti ya kawaida, karibu nusu ya torki huishia chini ya kichwa kinapojisugua juu ya washa, karibu asilimia 40 huishia kwenye nyuzi, na kama asilimia 10 tu ndiyo inayoirefusha bolti yenyewe.

Chukua bolti ya M8, yaani yenye nyuzi za kipenyo cha milimita 8, ya daraja la nguvu la 8.8, ambayo hukazwa kwa takriban nyutoni-mita 25 (nyutoni-mita ndicho kipimo cha torki). Nyuzi zikiwa kavu, torki hiyo huzaa mvutano wa karibu tani 1.6. Ukizipaka oili nyuzi hizo hizo na kuvuta kwa torki ile ile, mvutano unaweza kufika tani 2.1, na hapo bolti imeshafika ukingoni mwa mzigo inaoweza kuubeba bila kurefuka kabisa na kushindwa kurudi. Spana haikukosea mahali popote. Kilichobadilika ni msuguano. Ndiyo maana kusafisha nyuzi kwa brashi ya waya, na kufahamu kama kitabu cha gari kinataka nyuzi kavu au zenye oili, ni sehemu ya kila njia kati ya hizi nne, na anayeruka hatua hiyo hana haki ya kujivunia usahihi wa chombo chake.

Jambo hili linaeleza takwimu ambazo huwashangaza wengi. Katika vitabu vya uhandisi, kukaza kwa mkono wa mtu mzoefu hutajwa kuwa na tofauti ya takriban asilimia 35 juu au chini ya mvutano unaotakiwa. Spana ya torki hutajwa kwa asilimia 25. Kukaza kwa digrii kwa asilimia 15. Na kupima urefu wa bolti yenyewe kabla na baada ya kukaza kwa asilimia 3 hadi 5. Kwa maneno mengine, pengo kati ya mkono mzuri na spana ya torki ni dogo kuliko wauzaji wa spana wanavyotaka tuamini. Ukiishia hapo utasema hakuna haja ya kununua chochote. Lakini takwimu hizo zinahusu bolti moja ya ukubwa wa wastani katika mkono uliozoea, na kazi ya gereji haiko hivyo.

Mkono: unajua nini, na unadanganywa wapi

Kinachoufanya mkono ufanye kazi ni spana zenyewe, kwa kuwa watengenezaji huziongeza urefu kadiri kichwa cha bolti kinavyokua. Katika magari ya Kijapani spana namba 10 kwa kawaida ni ya bolti ya M6, namba 12 ni ya M8, na namba 14 ni ya M10. Fundi akishika spana inayolingana na bolti, urefu wake unamzuia asipitilize kupita kiasi. Wengi wanaamini kwamba urefu huo unatosha kulinganisha mambo yote, na hapa ndipo penye kosa.

Tuhesabu. Bolti ya M6 ya daraja la 8.8 inataka kama nyutoni-mita 10, na kwa spana ya sentimita 13 hiyo ni nguvu ya kilo 8 mwishoni mwa mpini. Bolti ya M8 inataka 25, na kwa spana ya sentimita 16 ni kilo 16. Bolti ya M10 inataka kama 50, na kwa spana ya sentimita 19 ni kilo 27. Spana zimerefuka kwa chini ya nusu, lakini nguvu inayotakiwa imepanda zaidi ya mara tatu. Mkono wa binadamu haupandi hivyo. Huelekea kuvuta kwa nguvu inayofanana kila mahali, ile ambayo mwili unaiona kuwa ni ya kutosha. Matokeo yake yanajulikana na kila aliyewahi kufungua kazi ya mtu mwingine: bolti ndogo zimekazwa mno, na kubwa zimeachwa pungufu. Nati ya gurudumu la lori inataka mamia ya nyutoni-mita, mara nyingi karibu na 600, na hapo mkono haupimi tena chochote. Unaishia tu pale nguvu zinapoishia.

Racheti huvuruga hata ule msaada mdogo wa urefu wa spana. Racheti ya nusu inchi yenye mpini wa sentimita 25 inaifikisha bolti ya M6 kwenye nyutoni-mita 10 kwa nguvu ya kilo 4 tu, ambayo ni nguvu ya kufungua mlango mzito. Fundi aliyetoka kukaza bolti za M10 kwa racheti hiyo hiyo, akihamia kwenye kava ya klachi ya pikipiki bila kubadilisha mshiko, atazila nyuzi za alumini kabla hajajua kilichotokea. Kinga yake ni rahisi: kwa M6 ishike racheti karibu kabisa na kichwa chake, kiganja kikiwa kimefunika soketi, au tumia spana ya T kwa vidole badala ya kiganja kizima.

Pamoja na hayo yote, mkono una kitu kimoja ambacho spana ya torki ya mlio, ile inayolia torki iliyowekwa inapofikiwa, haina: unasikia mabadiliko njiani. Bolti nzima huenda kwa vidole mpaka kichwa kigote. Inapogota, upinzani hupanda ghafla. Baada ya hapo, kila unapoizungusha kidogo, upinzani huongezeka sawasawa, na huo ndio wakati chuma kinaporefuka kwa namna inayorudi. Ikiwa upinzani unapanda halafu unaacha kupanda, spana ikaendelea kwenda kwa ulaini usiotarajiwa, basi ama bolti imevuka kikomo chake ama nyuzi zinakatika. Acha papo hapo na uifungue, kwa sababu kuongeza hakutairudisha. Vilevile, bolti inayoanza kuwa ngumu kabla kichwa hakijagota ina kutu, uchafu au imeingia upande, na torki yoyote utakayoisoma hapo ni ya kupambana na kutu. Spana ya mlio ingelia bila kukuambia hivyo. Kwa sababu hii mtu mwenye spana bora sokoni bado anapaswa kuianza kila bolti kwa vidole.

Mkono pia hubadilika ndani ya siku moja. Asubuhi ukiwa umesimama wima mbele ya gari, na jioni ukiwa umelala chini yake juu ya kipande cha boksi ukisukuma badala ya kuvuta, si mkono mmoja. Kwa bolti moja inayojitegemea, kama ya kushikia bracketi ya waya, tofauti hiyo haina madhara. Kwa kipande kinachoshikwa na bolti kumi zinazopaswa kubana sawa, ndiyo inayopinda kipande na kuvujisha gasketi.

Spana ya torki: usawa kuliko usahihi

Faida kubwa ya spana ya torki ni kwamba bolti ya kwanza na ya kumi hupata torki ile ile, awe anayevuta amechoka au hajachoka. Kiwango cha kimataifa cha ISO 6789 kinaruhusu spana za aina ya mlio zinazopima zaidi ya nyutoni-mita 10 kukosea kwa asilimia 4, na zilizo chini ya hapo kwa asilimia 6. Makosa yaliyobaki hutokana na msuguano, na ikiwa nyuzi zote za kipande kimoja zimesafishwa kwa namna moja, makosa hayo nayo huelekea upande mmoja, hivyo kipande hubanwa sawasawa hata kama mvutano wenyewe si ule hasa uliokusudiwa.

Aina mbili ndizo zinazopatikana kwa urahisi. Ya mlio huwekwa namba inayotakiwa, na ikifika hutoa mlio na kutikisika mkononi. Ni ya haraka na hutumika hata mahali pasipoonekana, lakini ndani yake mna springi, na springi huchoka. Inatakiwa irudishwe kwenye namba yake ya chini kabisa baada ya kazi, ikaguliwe kila baada ya miezi 12 au mivuto 5,000, na isitumiwe kamwe kufungulia bolti zilizoganda. Ya mshale ni fito mbili tu, mmoja ukipinda na mwingine ukibaki umenyooka juu ya kipimo. Ni ndefu, ni ya polepole, na lazima uitazame kwa juu moja kwa moja ili usisome namba ya pembeni. Hata hivyo, haina cha kuharibika kwa urahisi: mshale ukisimama kwenye sifuri bila mzigo, kwa kawaida spana ni nzima. Kwa gereji ambayo haina mahali pa karibu pa kukaguliwa vipimo, mimi naipendelea ya mshale bila kusita, ingawa vijana wengi huiona ya kizamani.

Spana hizi nazo hutumiwa vibaya. Kuvuta mara ya pili na ya tatu baada ya mlio "ili kuhakikisha" ni kuongeza torki. Kuvuta kwa kushtukia kunaipitisha bolti kabla springi haijasema. Kuvalisha bomba kwenye mpini kunabadilisha namba unayoisoma, hasa kwa ile ya mshale, wakati kipande cha kurefushia kinachowekwa kati ya racheti na soketi hakibadilishi jambo kubwa. Na spana ya nyutoni-mita 40 hadi 200 haifai kabisa kwa bolti ya 10, kwa hiyo spana moja haitoshi kwa gari zima, jambo ambalo wanunuzi wengi hulijua wakiwa wameshalipa. Usishangae pia kukuta vitabu vya Toyota vikiandika torki kwa kgf·cm, yaani kilo za nguvu mara sentimita: nati za magurudumu za magari hayo madogo, kwa mfano, ni 1,050, ambazo ni sawa na nyutoni-mita 103.

Mizani ya kuning'iniza: spana ya torki ya asiye nayo

Torki ni nguvu mara urefu, na nguvu inaweza kupimwa kwa mizani ya ndoano, ile inayotumika kupimia nyama au mizigo. Pima umbali kutoka katikati ya bolti hadi mahali utakapoitia ndoano, vuta kwa pembe mraba na mpini, na usome kilo. Nyutoni-mita unazozitaka zigawe kwa 9.81, kisha zigawe kwa umbali kwa mita. Nyutoni-mita 103 kwa umbali wa nusu mita ni kilo 21. Nyutoni-mita 37, ambazo ni karibu na kiasi cha kizibo cha kumwagia oili cha 1NZ-FE, kwa umbali wa sentimita 25 ni kilo 15.

Kwa nati za magurudumu haihitajiki hata mizani. Dumu la lita 20 lililojaa maji, pamoja na uzito wa dumu lenyewe, ni kama kilo 21, na likining'inizwa taratibu kwenye alama ya nusu mita ya mpini uliolala mlalo litatoa takriban zile nyutoni-mita 103. Uzito wa mpini wenyewe utaongeza kidogo, kwa hiyo tumia mpini mwepesi. Hakuna fundi atakayefanya hivyo kwa kila gari linaloingia, nami simshauri. Thamani yake ni katika kuufundisha mkono: kaza nati kwa dumu, kisha vuta nyingine kwa mkono, kisha rudia kwa dumu uone ilikuwa pungufu au imezidi. Mkono uliowahi kulinganishwa na kipimo si sawa na mkono uliojifundisha wenyewe kwa kukisia.

Kasoro ya mizani ni nafasi. Ndani ya injini hakuna mahali pa kuvutia kwa pembe mraba, na kwa bolti ndogo kosa la sentimita moja katika umbali ni kosa kubwa katika jibu.

Digrii: pale ambapo msuguano hauulizwi

Baada ya vipande kugusana kikamilifu, kila digrii ya mzunguko huirefusha bolti kwa kiasi kinachoamuliwa na umbo la nyuzi, bila kujali zina oili au ni kavu. Nyuzi zenye hatua ya milimita 1.25 zikizungushwa robo mzunguko husogea kama milimita 0.3, na msogeo huo hugawanyika kati ya kurefuka kwa bolti na kuminywa kwa vipande. Kwa sababu hii bolti za silinda hedi za 1NZ-FE hukazwa kwanza kwa nyutoni-mita 29, kwa mpangilio wa kutoka katikati kwenda nje, kisha zote huzungushwa digrii 90, kisha zote digrii 90 tena. Tia doti ya rangi upande wa mbele wa kila kichwa cha bolti. Baada ya mzunguko wa kwanza doti zote zitatazama pembeni, na baada ya wa pili zote zitatazama nyuma. Doti moja ikitazama kwingine, unaiona ukiwa umesimama.

Hapa mkono mtupu haufai hata kidogo, na nasema hivyo nikijua kwamba hedi nyingi zimefungwa hivyo na magari yakaondoka. Hatua ya pili na ya tatu hazihitaji chombo cha kupimia, ni kweli, lakini zinategemea hatua ya kwanza iwe sawa kwa bolti zote. Asiye na spana ya torki anaweza kuifanya hatua hiyo ya kwanza kwa mizani, kwa kuwa bolti za hedi hutazama juu na nafasi ipo: nyutoni-mita 29 kwa umbali wa sentimita 25 ni karibu kilo 12. Bolti zilizokazwa kwa digrii huvutwa mpaka karibu na kikomo chake au kukivuka kidogo, kwa hiyo zipimwe kama kitabu kinavyoagiza kabla ya kurudishwa.

Plagi ni mahali ambapo digrii hushinda njia nyingine zote kwa urahisi. Plagi mpya ya M14 yenye washa hukazwa kwa vidole mpaka igote, kisha huongezwa nusu hadi theluthi mbili ya mzunguko. Ile ile ikifunguliwa na kurudishwa, washa yake imeshaminywa, na inataka kama sehemu moja ya kumi na mbili ya mzunguko tu. Plagi isiyo na washa, yenye kikalio cha mteremko, inataka sehemu moja ya kumi na sita. Anayezikaza zote tatu kwa "hisia ile ile" ndiye anayeziharibu nyuzi za hedi. Filta ya oili nayo ni hivyo hivyo: raba ikigusa, robo tatu ya mzunguko kwa mkono, na spana haihusiki.

Uchaguzi wenyewe

Kwa kava za plastiki, bracketi, klempu za betri na vyote ambavyo vikilegea vitapiga kelele tu, mkono unatosha. Kizibo cha oili pia nauachia mkono, kwa sharti la washa mpya na spana fupi, kwa sababu kinachozuia oili ni washa, na walioharibu nyuzi za sampo (bakuli la oili chini ya injini) kwa kukaza ni wengi kuliko walioangusha kizibo barabarani.

Kwa nati za magurudumu, mshindani wa kweli wa spana ya torki ni mashine ya upepo ya mafundi tairi, ambayo haina hisia wala kipimo. Mtu wa kilo 70 akisimama juu ya spana ya sentimita 35 anatoa karibu nyutoni-mita 240, zaidi ya maradufu ya zinazohitajika, na mashine isiyodhibitiwa inaweza kufanya vivyo hivyo bila jasho. Stadi, yaani bolti zinazoshika nati za gurudumu, hurefuka, diski za breki hupinda, na mwenye gari hushindwa kufungua tairi usiku akiwa njiani. Kati ya mashine hiyo na mkono unaovuta kwa spana ya kawaida, stadi zikiwa kavu na nati zikikazwa kwa kuvukana (moja, kisha ya upande wa pili), nachagua mkono. Na kwa njia yoyote ile, nati zikaguliwe tena baada ya kilomita 50 hadi 100.

Anayeweza kununua spana moja tu, na kazi yake ni magari madogo, achukue ya mshale ya nusu inchi inayofika angalau nyutoni-mita 150. Itamaliza magurudumu, sehemu kubwa ya chasisi na hatua ya kwanza ya hedi. Fundi wa pikipiki asiiguse hiyo. Anachohitaji ni ndogo ya nyutoni-mita 5 hadi 25, kwa kuwa bolti zake nyingi ni za M6 zilizopandwa kwenye alumini, na hapo ndipo mkono wake wenye nguvu unapomgharimu zaidi.